Bastola ndogo ya kuvaa na nguo nyepesi joto hili la Moshi, mnanishauri nichukue ipi?

FlotiYaHimo

Wakuu habari za mchana, wakubwa shikamooni.

Nipo Moshi, kazi yangu ni wakala wa jumla, nazungusha floti kwa mawakala wadogo kuanzia hapa mjini, Himo, Mwika mpaka Holili na siku za gulio natembea na hela ambayo siwezi kuitaja hapa. Mwaka juzi mwishoni walinifuata jamaa wawili na pikipiki kutoka Njiapanda mpaka nakaribia Kiboriloni, nikipunguza mwendo wanapunguza, nikiongeza wanaongeza, nikaingia sheli moja nikakaa pale na wauza mafuta mpaka wakakata tamaa wakaondoka. Usiku ule sikulala. Kesho yake nikaanza mchakato, serikali ya mtaa, kata, polisi, alama za vidole, kamati ya wilaya, mkoa, nimezunguka sana wakuu ila hatimaye kibali kimetoka, bastola moja ya kujilinda.

Sasa kinachonisumbua ni mavazi. Januari hii saa nane mchana Moshi mjini unajua ilivyo, ukishuka upande wa TPC na Kahe ndo kabisa shati linakushika mgongoni. Mimi kila siku ni tisheti au fomu siksi, kadeti nyepesi na sendo, koti siwezi na nikivaa koti na joto hili hata mtoto wa darasa la pili atajua nimeficha kitu. Rafiki yangu ana Glock 19, nzuri kweli lakini akiinama tu kwenye buti la gari unaona kabisa kitu kimejichora mgongoni. Duka nililopita wao wananisukumia kakitu kadogo ka risasi ya .380, wanasema kanakaa mfukoni kama simu hamna mtu atajua.

Kwahiyo naomba uzoefu wa wanaobeba kila siku kwenye joto, nichukue hako ka mfukoni, au Glock 43, au SIG P365, au revolva fupi ya risasi tano? Mimi ni mwembamba, kilo 63, suruali kiuno 30. Sina tumbo la kusaidia kuficha. Natanguliza shukrani.

DalaliWaChuga

Kaka pole kwa hiyo ya Kiboriloni, hao jamaa wa pikipiki hata huku Arusha tunawajua vizuri.

Mimi ni dalali wa madini, wiki nzima nipo kati ya mjini na Mirerani na Mirerani joto lake na vumbi lake unalijua. Nimebeba miaka tisa sasa. Nilianza na hicho hicho wanachokusukumia dukani, Ruger LCP, ile ya .380 yenye risasi sita kwenye magazini, uzito haufiki hata gramu 300 ikiwa tupu na unene wake milimita 21 hivi, ukiiweka mfukoni unaweza kusahau kama unayo. Nikaipenda sana. Siku ya kwanza naenda kuipiga ndo nikajua nimenunua nini. Mpini unashika vidole viwili, kidole kidogo kinaning'inia hewani, ikipiga inakurukia mkononi inakukata hapa kati ya kidole gumba na cha shahada, baada ya risasi kumi na tano sikutaka tena kuishika. Kwenye karatasi ya shabaha ya hatua kumi zilizoingia ni chache mno. Na vile vyuma vya kulengea ni vidogo sana na vimekaribiana kwahiyo ukikosea kidogo huku nyuma kule mbele umekosa mbali.

Watu hawakuambii hili dukani: bastola inavyozidi kuwa ndogo ndo inavyozidi kuwa ngumu kuipiga. Kale kadogo ni ka mtu aliyezoea sana, siyo ka mtu anayeanza.

Jambo la pili ambalo mimi lilinichukua miaka kulielewa. Kinachojichora kwenye nguo siyo mtutu. Mtutu unaingia ndani ya suruali, hata ungekuwa mrefu kidogo hamna atakayeuona. Kinachojichora ni mpini, ule unaobaki juu ya mkanda na kutokeza nyuma ukiinama. Kwahiyo ukifika dukani usiulize urefu, pima kimo, kuanzia juu ya bastola mpaka chini ya magazini. Glock 43 kimo chake ni milimita 108. Glock 19 ni 128. Hizo milimita 20 ndo unazoziona kwa rafiki yako akiinama kwenye buti.

Mimi sasa hivi nina 43, 9mm, risasi sita na moja ya chemba (pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa tayari kupigwa), unene milimita 27, karibu nusu kilo. Navaa mbele kulia kidogo ya kitovu ndani ya suruali, shati nje. Sijawahi kuulizwa.

Jonijoo_Sakina

Mbona mnamtisha mwenzenu, achukue Glock 43X tu. Nyembamba kama 43 ila risasi kumi na mpini unajaa mkono mzima. Mimi ninayo na navaa tisheti fresh.

DalaliWaChuga

Mkuu wangu 43X ni bastola safi sana sibishi, lakini rudi uangalie kimo chake, ni 128, sawasawa na 19. Wembamba umeupata ila mpini ni ule ule. Wewe umejaza mwili, yeye kasema kilo 63 kiuno 30. Kwa mtu mwembamba mpini mrefu unatokeza nyuma ya ubavu kama mfupa. Kwa mwili wako inakubali, kwa wa kwake ataanza kutembea anavuta tisheti kila hatua mbili na huo mkono unaovuta tisheti ndo unaomtangaza.

Mzee_Mstaafu_Porini

Marahaba mwanangu na wengine wote.

Nimetumikia wanyamapori miaka mingi, silaha nimezishika tangu kijana, sasa nipo nyumbani Marangu nalima kahawa. Wenzangu wamesema vizuri juu ya ukubwa. Mimi nitasema juu ya jasho maana mtu wa joto adui yake wa kwanza ni jasho.

Kuna kijana aliniletea bastola yake mwezi wa tatu mwaka jana, anasema magazini inakwama. Alikuwa anaibeba mfukoni mwa kaptula bila kava yoyote, pamoja na funguo na chenji. Nikaitoa risasi zote nikahakikisha chemba tupu, nikaifungua mezani juu ya gazeti. Ndani mlikuwa na manyoya ya mfuko wa suruali yamegandana na vumbi na mafuta yakawa kama tope la kijivu, springi ya magazini ina kutu ya rangi ya chungwa, na risasi ya juu kabisa ganda lake limefanya ukijani. Kwenye skrubu ya mpini kutu imeshakula mpaka bisibisi haishiki. Huyo kijana alikuwa anaitegemea hiyo kitu imwokoe. Nilimwambia afadhali angebeba jiwe.

Kwahiyo sikiliza. Unabeba kwenye joto, kila jioni ukifika nyumbani itoe, hakikisha haina risasi, ifute na kitambaa kikavu halafu kitambaa chenye mafuta kidogo sana, siyo kuimwagia, mafuta mengi yanakamata vumbi la huku kwetu. Wiki kwa wiki fungua magazini. Risasi unazobebea zisizeeke kwenye jasho, zile ulizobeba miezi mingi zipeleke uwanja wa shabaha uzipige, uweke mpya. Ukichagua angalia chuma kilichotiwa dawa ya kuzuia kutu vizuri, hizo Glock na SIG za siku hizi zimetiwa, au chuma cha pua. Bastola za zamani za rangi ya bluu nyeusi zile ni nzuri kwa macho, jasho la mtu wa pwani au wa Kahe linazimaliza mapema.

Halafu revolva ya risasi tano usiidharau. Haina magazini ya kukwama, unavuta triga inazunguka inapiga. Ila ngoma yake ile inayozunguka ni nene, zaidi ya milimita 30, kwa mtu mwembamba tisheti italeta nundu. Na triga yake ni nzito na ndefu, inataka mkono uliozoea.

Jambo lingine. Angalia kibali chako kimeandikwa kalibari gani, yaani saizi ya risasi, kabla hujalipa chochote. Ile .380 na yenyewe watu wanaiita 9mm, 9mm fupi, na 9mm ya kawaida ni 9 kwa 19. Siyo risasi moja, haziingiliani. Halafu uliza duka lako risasi ipi inapatikana mwaka mzima maana bastola isiyo na risasi za mazoezi ni ya nini mwanangu.

MamaKitenge_Arusha

Habari zenu kaka zangu, mzee shikamoo.

Naomba niongee kwa upande wa nguo kwasababu hapo naona mmeruka. Mimi nina duka la jumla na nina leseni yangu mwaka wa nne huu. Mwanzo kila mtu alinambia dada weka kwenye pochi. Nikaweka. Siku moja natoka soko la Kilombero boda akapita na mkoba wa mwanamke aliyekuwa mbele yangu hatua tatu, nikasimama pale miguu inatetemeka nikajiuliza ingekuwa wangu? Ningekuwa nimewapa majambazi bastola yenye namba yangu. Tangu siku hiyo pochini sijaweka tena. Silaha ikae mwilini, basi.

Nguo sasa. Kaka uliyeuliza, tisheti ya rangi moja hasa nyeupe na kijivu ndo mbaya kuliko zote, kila mkunjo unaonekana na ukitoka jasho inanata inachora mpaka skrubu. Vaa kitenge. Sisemi utani, shati la kitenge lenye maua makubwa au mistari iliyovurugika jicho linafuata maua halioni nundu. Kitambaa chenyewe ni pamba, kinapitisha hewa, na kina ugumu wake kidogo hakilali juu ya mwili kama tisheti. Mwambie fundi akushonee saizi yako ya mabega lakini kiunoni akuachie upana, urefu ushuke kama inchi nne chini ya mkanda, na pindo liwe limenyooka siyo la kuzunguka kama shati la kuchomekea. Na ile mipasuo ya pembeni asiipandishe juu, mimi wangu alinipasulia mpaka kiunoni nikiinua mkono kushusha katoni rafuni kila kitu nje. Nikamrudishia akashona.

Mashati ya mtumba ya maua yale ya mikono mifupi hata pale Memorial hapo Moshi yapo mengi, chagua yenye kitambaa kigumu kidogo.

FlotiYaHimo

Dada asante sana hiyo ya kitenge sikuwahi kuifikiria kabisa na ninazo mbili kabatini za send-off.

Mzee asante, nimeangalia kibali kimeandikwa 9mm tu kwahiyo nitarudi niulize vizuri kabla sijanunua. Swali langu lingine, ninaendesha gari muda mwingi, nikiwa nimekaa nimefunga mkanda bastola ikae wapi? Na je mfukoni haifai kabisa hata kidogo?

DalaliWaChuga

Mfukoni ina faida moja, mkono unaweza kuwa tayari umeshika na mtu anaona umeingiza tu mkono mfukoni. Lakini ukikaa kwenye gari jaribu sasa hivi kutoa simu yako mfuko wa mbele umefunga mkanda, uone unavyojinyonganyonga. Ndo hivyo hivyo. Na ukiamua mfukoni lazima iwe na kava yake ya mfukoni inayofunika triga na huo mfuko usiwe na kitu kingine chochote, siyo ufunguo siyo shilingi mia.

Kwenye gari ukiivaa nyuma kulia inabanwa kati ya mgongo na siti na mlango uko hapo hapo, kuifikia ni kazi. Mbele inafikika hata umefunga mkanda. Ila mbele mtutu unaangalia paja lako na sehemu zako nyingine, kwahiyo hapa sitaki mchezo kabisa: holsta, yaani kava ya kuvaa kiunoni, ya plastiki ngumu ile ya Kydex iliyotengenezwa kwa bastola hiyo hiyo, inafunika triga yote, haibonyei hata ukiikalia. Glock haina kile kitufe cha usalama cha pembeni, usalama wake uko kwenye triga yenyewe, kwahiyo kitu chochote kikiingia pale kikavuta, hata pindo la tisheti, inapiga. Usiichomeke kiunoni tupu hata siku moja, hata kutoka chumbani kwenda sebuleni. Ukirudisha kwenye holsta rudisha polepole unaangalia, na nguo umeishika pembeni. Hamna tuzo ya kurudisha haraka. P365 ipo yenye kitufe na isiyo na kitufe, kama kitakupa amani chagua yenye nacho halafu ufanye mazoezi ya kukishusha mpaka kidole kijue chenyewe.

Halafu hizo holsta nzuri zina kikucha pembeni kinachosukumwa na mkanda, kinaubonyeza mpini uingie mwilini. Kakitu kadogo tu lakini kwa mtu mwembamba ndo tofauti ya kuonekana na kutoonekana.

Na mkanda! Huu mkanda wa kawaida wa dukani ukining'iniza nusu kilo unapinda, bastola inalala nje, hata ungekuwa na bastola ndogo kuliko zote duniani itaonekana. Tafuta fundi wa ngozi akushonee ngozi mbili zimeunganishwa, nene, upana inchi moja na nusu. Suruali ongeza saizi moja kiuno, kama ni 30 vaa 32.

Jonijoo_Sakina

Hapo kwenye mkanda nakubaliana na dalali mia kwa mia. Mimi nilibadilisha mkanda tu 43X ikatulia, kabla ya hapo nilikuwa nadhani tatizo ni bastola.

Mzee_Mstaafu_Porini

Mwanangu kabla hujalipa mamilioni fanya hivi. Nenda kwa seremala akukatie vipande viwili vya mbao, siyo mfano wa bastola, kipande tu chenye umbo la kona. Kimoja kimo milimita 108 kingine 128, unene 27. Vaa ndani ya suruali nyumbani kwako siku mbili tatu kila kimoja, inama, kaa, panda gari, beba mtoto, na mama watoto akuangalie bila kumwambia umevaa kipi. Mwili wako utakuambia kuliko sisi.

Na nikuambie lingine kwa upendo. Ile siku ya Kiboriloni ulifanya jambo sahihi kuingia sheli. Ukishakuwa na bastola endelea kuingia sheli. Wakikuwahi wameshakuelekezea silaha toa hela, hela inarudi. Hiyo ya kiunoni ni ya pale ambapo wanataka uhai wako na huna njia nyingine. Na ukienda kwenye mbege au baa, iache imefungwa kwenye sefu nyumbani. Nimeona watu wazima na heshima zao wakipiga risasi hewani kwasababu ya ubishi wa mpira, wakapoteza leseni na uhuru siku hiyo hiyo. Na ukienda Holili usije ukajisahau ukavuka nayo ng'ambo, leseni yako inaishia hapa kwetu.

FlotiYaHimo

Wakuu narudi na majibu, samahani nimekaa kimya wiki mbili.

Nilienda kwa fundi seremala Majengo akanikatia vile vipande kama mzee alivyosema, mti wa mninga, akavipiga msasa vizuri bila kuuliza vya nini. Nikavaa nyumbani na suruali ya 32. Kile kirefu cha 128 nilichovaa kwanza mke wangu alikiona ndani ya dakika tano, niliinama kuzungusha mtungi wa gesi akasema hapo nyuma kuna nini. Nikakihamisha mbele, afadhali, lakini nikikaa ncha ya chini inanichoma mbavu na tisheti inasimama. Kile cha 108 mbele nilikaa nacho siku nzima ya Jumapili nikiwa na tisheti nyeusi hakukiona, na nikiwa na shati la kitenge hata mimi nikijiangalia kwenye kioo sikukiona. Tisheti nyeupe ilionekana na chochote, nimezitoa zote nimempa mdogo wangu.

Kwahiyo kako kadogo ka mfukoni nimeachana nako, na 43X vilevile pamoja na uzuri wake. Nimebaki na 43 na P365 maana vimo vyao vinakaribiana sana ila P365 inabeba risasi kumi kwenye magazini ya kimo hicho hicho wakati 43 ni sita. Duka la Arusha waliniruhusu kuzishika zote mbili zikiwa tupu, P365 inakaa vizuri zaidi mkononi mwangu, kidole kidogo kinapata pa kushika kama nikitumia magazini yenye kile kisigino cha chini cha kuegemeza kidole. Wana moja yenye kitufe cha usalama. Nimerudi polisi kuulizia kalibari, wamenithibitishia ni 9 kwa 19.

Fundi wa ngozi ninaye, anashona viatu pale karibu na stendi, ameniambia mkanda wa ngozi mbili anaweza ila anauliza ashone na uzi wa aina gani usioze kwa jasho. Hilo mnalijua?

MamaKitenge_Arusha

Mwambie uzi wa nailoni ule mnene wa kushonea mikoba, wa pamba unaoza. Na ngozi aipake nta upande wa ndani unaogusa mwili. Wangu una miaka mitatu haujaachia hata mshono mmoja.

Mzee_Mstaafu_Porini

Nailoni ndiyo. Na siku ukiichukua usianze kuibeba, kwanza uende uwanjani na risasi zisizopungua mia mbili uzipige zote taratibu kwa siku kadhaa, na kwa mwezi wa kwanza hata ukibeba chemba iwe tupu mpaka mkono uzoee. Ukifika Marangu nipigie nikuonyeshe namna ya kuifungua na kuisafisha.